Mvua zimekata, bustani imegeuka pori. Mnaanzia wapi kusafisha?

1. Bonde_Mikindani (mleta uzi)

Habari za asubuhi wakuu, na shikamooni wakubwa.

Nina bustani ya mboga, robo eka hivi, upande wa Mikindani. Nusu ipo juu kwenye kichanga, nusu inashuka bondeni kwenye mfinyanzi, karibu na kisima. Huku kwetu kusini mnajua mvua ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba au Desemba, inakata Aprili au Mei. Bustani yenyewe hasa inaanza pale mvua inapoisha, kisima kimejaa na kipupwe kinabisha hodi. Kwa hiyo kila mwezi wa tano nafungua mlango wa uzio nakuta pori. Nyanya zilizokufa zimelala na vigingi vyake. Bamia zimerefuka kama miti, maganda yamekauka yanapigapiga upepo ukija. Matembele yametambaa mpaka njiani, ndago imetandika zulia, uzio wote umevikwa upupu. Na konokono, wale wakubwa, ngumi ya mtoto ni ndogo.

Mwaka jana nilifanya nilivyomwona marehemu baba akifanya. Fyeka kila kitu, kusanya, acha zikauke siku tatu, kiberiti. Jamani palipendeza! Utadhani uwanja umefagiliwa kwa ajili ya harusi. Nikapiga picha nikawatumia ndugu.

Yaliyofuata sikupiga picha. Kule juu kwenye kichanga maji yalikuwa yanapita kama kwenye chekeche. Nilimwagilia asubuhi na jioni, na bado saa sita mchana mchicha ulikuwa umelala. Kule chini nikapanda miche 120 ya nyanya palepale zilipokuwa nyanya. Haujaisha mwezi, mche mmoja ukanyauka ukiwa bado kijani na udongo una maji. Kesho yake wa pili yake. Kufika maua nilishang'oa kama 80. Ndipo nikaelewa kwamba nilichochoma ni vichwa tu, mizizi yenye ugonjwa niliiacha ardhini inanisubiri.

Mwaka huu sijawasha kiberiti. Jumamosi ya kwanza sikuingia hata na panga, niliingia na fimbo na gumbuti nikawa naangalia tu. Majirani walidhani nimepoteza kitu. Kila shina la nyanya na bamia nililing'oa na kutazama mizizi kabla ya kulitupa, na nikafanya marundo matatu. La kwanza mabua ya mahindi, majani mabichi na magugu ambayo hayajabeba mbegu, hayo yanakwenda kwenye mboji. La pili wagonjwa: nyanya zote, biringanya, na bamia zenye mizizi yenye vinundu, hao wamepelekwa shimoni mbali na kisima. La tatu ni wale wasiokufa, yaani ndago, ukoka na lile jani lenye maua ya buluu linaloota kila pingili, sisi tunaliita kongwa. Hao nimewaanika juu ya bati la banda la kuku. Wakifia huko watashuka.

Jumamosi ya pili mama watoto alinitangulia na ungo. Akasema, "Subiri kwanza, wewe ukishika fyekeo huoni chakula." Na kweli. Mchicha pori, mnavu, mlenda, majani ya maboga yaliyopanda mti wa mwarobaini, vyote nilikuwa naviita takataka. Tulikula wiki nzima bila kununua mboga. Matembele tumekata marando ya mbegu kabla ya kusafisha tuta. Nyanya chungu zilizokuwa na afya sikuzing'oa, nimezikata zikabaki kama futi moja kutoka chini, na zimeshachipua. Pilipili mbuzi nayo nimeipunguza matawi tu.

Jumamosi ya tatu, mifereji na mdomo wa kisima. Nilipojaribu kulima kule bondeni, jembe lilitoa matofali, udongo bado umelewa maji. Nikaacha.

Sasa nimekwama sehemu tatu. Ndago inanishinda. Vigingi vya nyanya zile zilizougua ninavyo kama 200 na sijui nivitumie tena au vikawe kuni. Na konokono: nikiokota ndoo leo, kesho wapo ndoo nyingine. Karibuni tuelimishane.

2. Fyekeo_Butu

Nimekaa mbele kabisa. Mimi yangu hata uzio sijauona mwaka huu, naambiwa upo.

3. Binti_Mwera

Kaka mleta uzi hongera, umefanya jambo ambalo wengi hatulifanyi, la kutazama mizizi. Mimi nipo Mtama, nalima bonde la Lukuledi, na kuhusu ndago nina digrii ya mateso.

Kosa tunalofanya wote ni kuilima ndago udongo ukiwa na unyevu. Kule chini ina vijiazi vyeusi vimeunganishwa kwa nyuzi kama shanga. Ukipitisha jembe unakata nyuzi, na kila shanga iliyokatwa inaamka kivyake. Ulikuwa na mche mmoja, sasa unao sita, na umechoka. Kwa hiyo subiri udongo ukauke. Mvua ikikata kabisa, mwezi wa sita au wa saba, chimba kwa uma au jembe la meno, pindua udongo vile vijiazi viwe juu, halafu usimwagilie hapo. Viache vipigwe na jua kama wiki mbili. Kijiazi cha ndago kinavumilia mambo mengi ila kukaushwa hakiwezi. Baada ya hapo pindua tena, maana vingine vitakuwa vimejificha chini ya mabonge.

Ukimaliza usipaache wazi. Ndago haipendi kivuli. Mimi sehemu iliyokuwa na ndago mbaya kuliko zote nilijaza matembele mwaka mzima, marando yakafunika ardhi yote. Haikuisha, nisikudanganye, lakini mwaka uliofuata niliing'oa kwa mkono huku napiga stori.

Na kwenye mboji usiipeleke kabisa. Umefanya vizuri kuianika kwenye bati.

4. Mzee_wa_Salfa

Marahabani vijana.

Nasoma nacheka. Wazee wetu walichoma na walikula. Mimi nipo Tandahimba, nina miaka mingi kuliko hizo mboji zenu, na kila mwaka nachoma. Jivu ni mbolea, wadudu wanakufa, nyoka wanakimbia, kazi ya siku moja. Hao wa marundo matatu mna muda mwingi. Sisi mwezi wa sita tunafikiria mikorosho, hatukai kupekua mizizi ya bamia kama tunachambua mchele.

5. Fyekeo_Butu

Mzee ameingia na kiberiti mkononi. 😂

6. Udongo_ni_Mama

Shikamoo Mzee wa Salfa. Naomba nikujibu kwa heshima, kwa sababu upande mmoja una haki.

Jivu ni mbolea kweli, lina potasiamu na kalsiamu, na linapunguza uchachu wa udongo. Kinachopotea ni kile kinachopanda na moshi: naitrojeni karibu yote, na yale mabaki yenyewe ambayo yangeoza. Kwenye mfinyanzi hasara hiyo huioni haraka. Kwenye kichanga chetu cha Mtwara unaiona mwezi uleule, kwa sababu kichanga hakina kitu kingine cha kushikia maji isipokuwa hayo mabaki yaliyooza. Ndiyo maana mleta uzi anasema maji yalipita kama kwenye chekeche. Wazee walichoma wakalima miaka michache, wakahamia pori jipya, la zamani likapumzika. Wewe na mimi tunarudi kwenye robo eka ileile kila mwaka.

Na moto wa juu haufiki kwenye mizizi. Mnyauko ule wa mleta uzi, wa mche kunyauka ukiwa kijani, kuna namna ya kuuhakiki. Chukua shina la mche unaonyauka, kata kipande karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na usiitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato. Ukiuona huo, hapo hakuna nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, vitunguu au sukuma wiki. Bakteria hao wanakaa kwenye udongo miaka, wanatembea na maji, wanatembea na jembe. Kama tuta la juu linaumwa na maji yake yanashukia tuta la chini, rekebisha mfereji kwanza kabla ya kununua mbegu.

Vinundu kwenye mizizi ya bamia ni habari nyingine, hiyo ni minyoo fundo, na kichanga ndiyo nyumba yake. Ila chunga usihukumu kunde kwa kosa la bamia. Kunde na karanga zina vifundo vyake vizuri vinavyotengeneza naitrojeni. Hivyo ukivisugua kwa kidole vinabanduka, na ukikipasua ndani kina rangi ya waridi. Vya minyoo havibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba. Mahali penye minyoo usirudishe bamia, nyanya wala mchicha. Weka karanga.

Kwa hiyo Mzee, wagonjwa wakichomwa shimoni sina ugomvi. Ila mabua ya mahindi yamekosa nini?

7. Mama_Ligula

Mmesahau upupu! Mnaongelea vitu vya darasani wakati watu wanawashwa.

Mwaka juzi nilimwita kibarua anisafishie uzio. Mimi nikaenda sokoni. Kijana wa watu akaanza saa sita mchana, jua kali, maganda yameshakauka yamekuwa ya kahawia, na kusi inavuma. Akatikisa uzio kama anatikisa mwembe. Yule jirani yangu alikuwa ameanika nguo, za kitoto na mashuka. Niliporudi nilikuta nyumba mbili zinajikuna, mtoto analia, bibi wa jirani kajipaka jivu mwili mzima, kibarua yupo kisimani hataki kutoka. Nililipa sabuni, nikalipa nguo zifuliwe upya, nikapeleka na kuku.

Upupu unakatwa mapema, maganda yakiwa mabichi. Kama umechelewa, basi kata alfajiri umande ukiwepo, vile vinyweleo vikilowa havipeperuki. Vaa mikono mirefu, funga kichwa, upepo uwe mgongoni. Nyunyizia maji kama umande umekauka. Na msiuchome jamani, ule moshi unabeba vinyweleo mpaka machoni. Chimbieni chini.

Halafu yuleyule kibarua alinifyekea na ming'oko, vile viazi vya porini, ya mama mkwe pembeni mwa uzio. Anayejua ming'oko anajua, yale marando ndiyo ramani yako, yakiondoka utachimba shamba zima unatafuta kilipo kiazi. Mpaka leo mama mkwe akila ming'oko ya kununua ananitazama.

8. Fyekeo_Butu

Hapo kwenye kibarua kukataa kutoka kisimani nimekufa.

9. Mtoto_wa_Masasi_Leeds

Salaam kutoka Uingereza, mimi wa Masasi ila nipo Leeds mwaka wa saba. Nina kishamba cha kukodi, vile ambavyo halmashauri za huku wanakodisha kwa wakazi, na kazi hii mnayoiongelea huku inafanyika mwezi wa tatu na wa nne, baridi kali ikiisha. Nimecheka kwa sababu ni kazi ileile ila imegeuzwa chini juu.

Huku baridi inakufanyia nusu ya kazi. Usiku mmoja wa barafu na maboga, maharage na nyanya vyote vinakuwa vyeusi kama vimechemshwa. Ukija baada ya miezi unakuta mabua makavu tu, magugu mengi yamelala. Nyumbani hakuna kinachoua. Mvua ikikata kila kitu kipo kwenye nguvu zake, magugu, konokono, ugonjwa. Kwa hiyo kule kwetu kusafisha ni vita, huku ni kama kutandika kitanda.

Lakini kuna mambo mawili nimejifunza hapa ambayo ningeyarudisha. Wazee wa huku hawakimbilii kuondoa mabua makavu siku ya kwanza ya joto. Wanasema wadudu rafiki, wale wanaokula vidukari, wamelala humo ndani, kwa hiyo wazee wanasubiri wiki kadhaa wadudu waamke. Nyumbani hawalali kwa baridi, lakini wanajificha hivyohivyo. Ukifyeka pote kwa siku moja unawafukuza walinzi, vidukari wanabaki na shamba.

La pili ni la kiatu. Huku kabla ya kulima unakanyaga udongo. Ukinata kwenye kiatu, unarudi nyumbani kunywa chai. Ukilima umelowa unaukandamiza na mizizi haipiti msimu mzima. Mleta uzi yale matofali yako ya bondeni ndiyo hayo, umefanya vizuri kuacha.

Halafu msidhani huku hakuna ndago. Kuna gugu moja la kutambaa lina maua meupe kama tarumbeta, baridi hailiwezi, na kila kipande cha mzizi kinaota. Nimelitukana kwa Kimakonde mpaka jirani Mwingereza akauliza ni wimbo gani.

10. Mzee_wa_Salfa

Huyu wa Leeds amenifurahisha. Kijana, rudi nyumbani, ming'oko ipo.

Nimekusoma na wewe Udongo ni Mama. Mahindi hayajakosa kitu, nakubali. Lakini nami niwape langu, maana nimeona mnazungumza bustani kama ipo kisiwani. Huku wengi bustani zetu zipo chini au pembeni ya mikorosho. Na ninyi mnaosafisha mwezi wa sita, ndio wakati tunapulizia salfa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho. Ule unga unaruka. Asubuhi mchicha wako una vumbi la njano na si wa kwako wala wa kwangu, ni wa upepo. Muoshe vizuri kabla ya kuupeleka sokoni. Matango na matikiti ndiyo yanaumia, salfa ikikaa juu yake jua likiwa kali majani yanaungua pembeni. Usitandike vitalu vya matango upande ambao upepo wa kutoka mikoroshoni unaelekea.

Na moto, nasema mimi niliyeutetea: mwezi wa sita na wa saba kusi haina mchezo. Nimeona rundo la bustani dogo tu, mtu kawasha akaenda kuswali, limekula mikorosho ya watu watatu iliyokuwa inaanza kuchanua. Mkichoma hao wagonjwa wenu, shimoni, jioni upepo umetulia, pembezoni pamelimwa pakabaki udongo mtupu, na ndoo za maji zipo. Na usiondoke.

11. Udongo_ni_Mama

Mzee hapo umenifungua, niongezee kidogo. Salfa ikishuka ardhini bakteria wanaigeuza tindikali polepole. Chini ya mikorosho iliyopuliziwa miaka mingi udongo unachacha, na mboga hazipendi. Kwa hiyo jivu la jikoni lenu lina kazi: badala ya kulitupa, sambazeni kidogokidogo kwenye bustani iliyo karibu na mikorosho. Ila si rundo, na si pamoja na samadi mbichi, mtapoteza naitrojeni harufu ikiwapiga puani.

12. Chuno_Juu

Vigingi: nimeona swali halijajibiwa. Usichome vyote. Chagua. Ambavyo mchwa wameshavila chini, au magamba yanabanduka, ni kuni. Vilivyo vigumu, kwanza sugua udongo wote uishe, maana dawa haipiti kwenye tope. Kisha loweka zile ncha zilizokuwa ardhini kwenye jiki na maji, kopo moja la jiki kwa makopo tisa ya maji, nusu saa, anika juani siku kadhaa. Mimi natumia pipa lililokatwa, navisimamisha humo kama kuni za kuuza. Hata hivyo vya nyanya zilizougua mnyauko sivirudishi kwenye nyanya, navipa kazi ya kunde za kutambaa au uzio. Mianzi ni bora kuliko miti ya porini, inasuguka.

Kamba za katani na vipande vya nguo ulivyofungia usihangaike navyo, choma. Na kabla hujatia mkono kwenye rundo la vigingi lililolala miezi mitano, piga kwanza kwa fimbo, rudi nyuma, subiri. Nge nimemkuta mara mbili, nyoka mara moja. Mara moja inatosha.

13. Mgeni_Jijini

Wakuu kwa nini mnajitesa? Si kuna dawa ya kuua magugu, unapulizia siku moja kila kitu kinakauka.

14. Binti_Mwera

Mgeni karibu. Nilijaribu. Dawa hizo za kuua kila jani haziulizi hili ni gugu au mchicha, na kwa upepo wetu ilivuka tuta ikaenda kwa matembele ya dada yangu. Ndago ilikauka juu, baada ya wiki chache vijiazi vilivyokuwa vimelala vikaamka. Na mimi mwenyewe kwa uzembe nikatumia bomba lilelile kupulizia nyanya dawa ya wadudu. Niliosha mara moja tu. Majani yalijikunja yote, nikapoteza kitalu. Kama mtu lazima aitumie, bomba la magugu liwe la magugu maisha yake yote, mlipake rangi nyekundu. Kwa robo eka ya mboga ya kula na watoto, mimi nabaki na uma wangu.

15. Mama_Ligula

Konokono nimalizie mimi. Hao wakubwa hawatoki mbali, wanalala ndani ya bustani yako mchana. Wanapenda chini ya mabati, matofali, magunia, na yale marundo ya majani tuliyoyaacha "tutaondoa kesho". Kwa hiyo usafi wenyewe ndiyo dawa. Baada ya hapo weka mtego: gunia lililolowa au ganda la papai, jioni. Asubuhi mapema wote wapo hapo, unaokota kwa mfuko mkononi, hawashikwi mikono mitupu, wanabeba minyoo. Tafuta na mayai, ni madogo ya njano iliyopauka kama punje za mtama, yapo kwenye udongo laini chini ya takataka. Ukiharibu mayai umeokota ndoo ya mwezi ujao.

Watu watakwambia umwage chumvi. Usimwage, utaua bustani. Jivu linawazuia likiwa kavu tu, ukimwagilia limekwisha.

Na bata! Bata wawili wanakula wale wadogo na mayai. Lakini wanakula na mchicha, kwa hiyo wanaingia kabla hujapanda, wakimaliza wanatoka. Wangu hawakutaka kutoka.

16. Fyekeo_Butu

Swali la aibu. Kantangaze, wale viwavi wa nyanya, nao wanabaki kwenye mabaki?

17. Udongo_ni_Mama

Si la aibu. Wanabaki sana. Tangu aingie nchini mwaka 2014 yule mdudu amewafilisi watu wengi, na anapita msimu kwenye majani makavu na kwenye udongo chini ya mche. Nyanya zilizobaki na matunda yaliyooza usiyaache pembeni ya uzio. Tia kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga shingo, weka juani wiki kadhaa, au fukia chini kabisa. Na ung'oe zile nyanya zilizojiotea zenyewe. Najua inauma, zinaonekana za bure, lakini ndizo zinazomlisha mdudu wakati wewe unajiandaa.

Kufunika udongo kwa nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga, ili jua lichemshe minyoo na vimelea, nimeona watu wanafanya mwezi wa sita. Kipupwe jua ni la uongo. Fanyeni Oktoba, udongo ulowe kwanza, nailoni ibane kingo zote, wiki nne mpaka sita.

18. Bonde_Mikindani (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, wiki tatu sasa. Nisameheni kwa ukimya, nilikuwa chini huko.

Glasi ya maji nimefanya. Nilikuwa na nyanya chache zilizojiotea zinanyauka karibu na kisima, kabla sijazing'oa nikakata mashina matatu. La kwanza na la pili, maji safi. La tatu, lililotoka tuta la chini kabisa, uzi mweupe ukashuka taratibu mpaka chini ya glasi. Mama watoto akasema kama maziwa ya kopo. Nilikaa pale nikiiangalia nusu saa. Miche 80 yote ilikuwa kwenye huo uzi. Matuta manne ya chini yamepata mahindi, na mfereji nimeugeuza, maji ya juu sasa yanazunguka pembeni.

Mboji nimeigeuza mara moja. Ndani inafuka, mkono hauvumilii, kwa hiyo naona inakwenda. Nimechanganya na samadi ya mbuzi. Kule juu kwenye kichanga nimetandaza mabua na nyasi kavu juu ya matuta ya mchicha, namwagilia mara moja kwa siku badala ya mbili. Mchwa wamekuja kwenye mabua, kama nilivyoogopa, ila mpaka sasa wanakula mabua na mchicha wanauacha. Anayejua zaidi kuhusu mchwa aniambie.

Vigingi 200, vilivyosalimika 90. Nge mmoja, asante Chuno.

Ndago nimechimba nusu, nimeiacha juani, nyingine nasubiri mwezi wa saba. Bata nimeazima kwa jirani. Mama Ligula, bata hawataki kutoka.

19. Mama_Ligula

Nilikwambia. Tafuta pumba, waite kwa pumba jioni. Na ufunge mlango wa uzio nyuma yao haraka.